Mkono wa Fimbo

Video yenyewe haikufika hata dakika moja. Ilimwonyesha Mama Vifungo akitoka kwa muuza nyuzi, mfuko umening'inia begani, fimbo mkono wa kulia, anavuka barabara taratibu huku akiangalia pale anapokanyaga. Kisha ikasikika sauti ya dobi, jirani yao wa mlango wa tatu, anacheka nyuma ya simu: "Mguu mbovu wa kushoto, fimbo mkono wa kulia! Jamani, angalieni mkono! Kesho tukutane ukumbini."

"Imewekwa kwenye kundi la mtaa, mama," binti yake alisema. "Watu wote wameshaiona."

Mama Vifungo alikuwa na sindano mkononi na shati la mtu magotini. Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Mafundi cherehani wa mtaa walimletea nguo zilizokwisha kushonwa, naye akamalizia vifungo na matundu yake, kwa mkono, ameketi karibu na dirisha. Alikuwa fundi kwelikweli. Kifungo alichokishona yeye, shati lingechakaa likawa tambara na kifungo bado kimeng'ang'ania.

"Nisomee wanavyosema."

"Achana nao, mama."

"Nisomee, nimesema!"

Binti akameza mate, akasoma. Mmoja aliandika kwamba serikali inalea wavivu. Mwingine akasema yeye anakatwa kodi mpaka kwenye kiberiti, kumbe kodi yenyewe inakwenda kwa watu wenye fimbo za mapambo. Wa tatu aliweka vikaragosi vya kucheka, kumi na vitatu kwa hesabu ya binti. Wa nne hakuwa na maneno mengi: "Kesho ni kumkata tu."

Mama Vifungo aliichomeka sindano kwenye shati, akaliweka chini.

Kadi ya msaada ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha, na hapa sitii chumvi hata chembe. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imesagika. Kwa kadi ile alichomwa sindano hospitalini kila mwezi na kupewa dawa, na kwa sindano na dawa alitembea. Mwaka juzi, kabla hajaipata, alikuwa akitambaa kutoka kitandani hadi mlangoni, binti akimbeba kumpeleka msalani. Alikuwa amelia kwa aibu mpaka akachoka kulia. Kadi ikikatwa, anarudi sakafuni. Hilo alilijua.

Lakini kilichomchoma zaidi ni yale maneno mawili ya dobi. *Angalieni mkono.* Yalikuwa maneno yake yeye mwenyewe.

Na hapa tuseme kweli, hata kama mama wa watu tunamwonea huruma. Enzi za uzima wake, Mama Vifungo alikuwa na mdomo usio na breki. Kila mwaka afisa ustawi huja mtaani na orodha ya wanaopokea msaada. Majina husomwa ukumbini mbele ya watu wote, mwenye jina hupita mbele, kisha afisa huuliza kama kuna pingamizi. Anayepinga hunyoosha mkono na kueleza. Watu wakimuunga mkono, jina linafutwa palepale. Wengi walikwenda kwa kulazimika. Mama Vifungo alikwenda kama mtu aliyealikwa harusini, kiti cha mbele, kitenge kipya. Alikuwa akisema kwamba wanaokula jasho la watu wanajulikana kwa macho tu, na kwamba vyeti vya daktari vinanunuliwa kama karanga.

Miaka mitatu iliyopita lilisomwa jina la Mzee Gundi, fundi viatu. Mzee akapita mbele. Mguu wake mbovu ni wa kulia, na fimbo alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto. Nani alimtuma Mama Vifungo? Hakuna. Alisimama mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Jamani," alisema, "hebu angalieni mkono! Mguu mbovu huku, fimbo kule! Mwenzetu kasahau hata mguu anaouigiza!"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mzee Gundi alijaribu kusema kitu, akasema tena, lakini nani angemsikia katika kelele zile. Jina likafutwa. Tangu siku hiyo "angalia mkono" ikawa ndiyo kipimo cha mtaa. Hata watoto wakicheza vilema walikuwa wakikaguana.

Mwaka uliofuata nyonga ikamgeuka. Alipopelekwa hospitalini, kijana mmoja wa mazoezi ya viungo alimpa fimbo, naye akaishika kushoto, upande wa maumivu. Kijana akaihamisha. "Hapana, mama yangu. Fimbo inashikwa upande wa mguu mzima. Ukikanyaga ule mbovu, fimbo inaupokea mzigo kutoka upande wa pili. Ukishika upande mmoja na ugonjwa, unaiua nyonga na utaanguka."

Mama Vifungo alikufa ganzi palepale kwenye korido. Kijana alidhani ni maumivu, akamletea kiti.

Hakumwambia mtu. Alikuwa akijiambia atakwenda kwa Mzee Gundi wiki hii, wiki ijayo, akipata nafuu. Kwenye uhakiki wa mwaka jana aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, na nani angempinga mtu wa kiti? Sasa sindano zilikuwa zimemwinua, anatembea, na kutembea kwenyewe ndiko kulikomponza.

Mchana ule alifunga mlango, akaishika fimbo kwa mkono wa kushoto.

"Unafanya nini?" binti akauliza.

"Najifunza."

Alikwenda hatua ya kwanza. Ya pili, alipokanyaga mguu wa kushoto, mwili wote ukamlalia upande ule ule wenye fimbo na wenye ugonjwa, maumivu yakampanda hadi kwenye mbavu. Hatua ya nne hakuimaliza. Aliangukia meza, sanduku la vifungo likapinduka, vifungo vikatapakaa chumba kizima, vyeupe, vyeusi, vya makoti, vya mashati ya shule.

"Mama! Kwa nini tusiseme tu ukweli? Hivi ndivyo fimbo inavyoshikwa, basi!"

"Halafu wakiniuliza mbona Mzee Gundi nilimkata kwa hilo hilo?"

Binti alipiga magoti akaanza kuokota vifungo. "Utasema ulikosea."

"Nikisema leo, wataona nasema kwa sababu yamenifika mimi. Na yamenifika, ndiyo. Wangekosea wapi?" Alijiegemeza kwenye meza. "Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Sitaki kutambaa tena."

Binti akaacha vifungo, akamshika. Kisha Mama Vifungo akajikaza kisabuni, akaomba fimbo, akaanza upya. Hadi jioni alikuwa anaweza hatua kumi na mbili bila kuanguka. Kutoka viti vya ukumbi hadi meza ya afisa, alikadiria, si zaidi ya hapo.

Ukumbi wa shule ulijaa asubuhi na mapema. Dobi alikuwa mstari wa pili na simu yake, anapokea pongezi. Mama Vifungo aliingia ameshikwa na binti, fimbo kushoto, akasikia minong'ono ikimfuata nyuma. Alitafuta kiti cha karibu. Alipoinua macho, roho ilimruka: nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa ameketi Mzee Gundi. Kila mwaka alikuja, akakaa pale pale, akasikiliza orodha isiyo na jina lake, akaondoka. Hakuwahi kunyoosha mkono.

"Leo atanyoosha," Mama Vifungo alimnong'oneza binti. "Ndiye. Leo ananimaliza."

"Tulia, mama."

Atulie vipi? Afisa ustawi wa mwaka huu, mwanamke wa miwani mwenye mafua, alikuwa akisoma majina huku akipangusa pua. Kila jina, Mama Vifungo aliruka kidogo kwenye kiti. Bibi mmoja asiyeona akapita. Kijana mwenye kifafa akapingwa na shangazi yake mwenyewe, ukumbi ukazozana, akafutwa, akatoka nje analia mbele ya watu. Kisha akasikia jina lake, lile la kwenye kadi, ambalo mtaani hakuna anayelitumia.

Akasimama. Moja. Mbili. Kila mguu wa kushoto ulipogusa sakafu alisaga meno, na uso aliukaza usiseme kitu. Tano. Sita. Walikuwa wakimwangalia mkono, watu wazima na akili zao, shingo zimewatoka. Kumi. Kumi na moja, nyonga ikalia ndani, kitu kikasogea mahali pasipopaswa. Kumi na mbili. Akaishika meza.

"Haya," afisa alisema. "Kuna pingamizi?"

Dobi alikuwa amenyanyuka nusu. Akaangalia mkono, akaangalia simu, akaangalia mkono tena. "Mbona... jana ilikuwa..." Jirani yake akamvuta shati. "Si unaona iko kushoto? Mguu mbovu kushoto, fimbo kushoto. Video yako pengine imegeuza picha. Kaa chini." Watu wakacheka, safari hii wakimcheka dobi. Mtu akasema kwa sauti, "Naam, huyu ni mgonjwa kweli, jamani, hata kutembea kwenyewe taabu!" Na ilikuwa taabu kweli, wangejua.

"Hakuna pingamizi?" afisa akauliza tena, mhuri umeinuliwa.

"Hapa."

Mzee Gundi alikuwa amesimama. Ukumbi ukageuka wote. Mama Vifungo alifumba macho. Alijiona tayari sakafuni kwao, viwiko vimechubuka, mlango uko mbali.

"Mwambieni abadilishe mkono," Mzee Gundi alisema polepole. "Hiyo fimbo kaishika vibaya. Ataanguka."

Afisa akavua miwani. "Mzee, sijakuelewa. Ni pingamizi au si pingamizi?"

"Si pingamizi. Mama ni mgonjwa. Nasema ataanguka tu."

"Na wewe mwenyewe una kadi? Naona una fimbo."

"Nilikuwa nayo. Ilifutwa."

"Kwa sababu gani?"

Mzee Gundi alimwangalia Mama Vifungo, si kwa hasira, na ingekuwa afadhali angemwangalia kwa hasira. Alikuwa akimsubiri, kwa heshima zote, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Afisa naye akasubiri, kalamu mkononi, na mtu yeyote ukumbini mle mwenye macho angeona kwamba afisa yule alikuwa tayari kuandika. Neno moja tu lilihitajika. Mama Vifungo alilijua neno hilo, *nilikosea*, alikuwa amelala nalo miaka miwili. Akafungua mdomo. Akaona shingo zile zote zilizomtoka, akamwona dobi na simu imeinuliwa, akaikumbuka sakafu.

"Asante," alisema.

Afisa akapiga mhuri. "Anayefuata!"

Mzee Gundi alitikisa kichwa mara moja, akaketi. Halafu akanyanyuka tena, akatoka.

Mlangoni dobi aliwasubiri, amejaa haya. "Mama yangu, usinichukie kwa ile video. Si unajua, lazima tuwe macho na hawa matapeli. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Hamna neno, baba," alisema Mama Vifungo, akatabasamu, na tabasamu lile lilimuuma kuliko nyonga.

Nje jua lilikuwa limepanda. Barabara ya kwenda kwao ilinyooka mbele, milango kila upande, kwenye kila mlango mtu na kiti chake. Mbele yao, peke yake, Mzee Gundi alikuwa akienda zake, mguu wa kulia ukiburuta, fimbo kushoto, mahali panapofaa.

"Yameisha, mama," binti akamnong'oneza. "Badilisha mkono sasa. Unatetemeka mwili mzima."

"Wanaangalia."

"Ukumbini tumeshatoka!"

"Wanaangalia, nimesema."

"Kwa hiyo mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani."

Binti akamshika kwapani, akamwinua kidogo ili uzito upungue. Walikwenda hatua chache. "Na kesho je?" akauliza. "Na ukienda kuchukua nyuzi? Na mwezi ujao? Na mwakani?"

Mama Vifungo aliitazama milango ile yote iliyokuwa wazi. Akaikita fimbo kushoto, akakanyaga mguu wa kushoto.