Neno Lililobaki

Kiharusi kilimpiga mume wangu siku ya Alhamisi, bafuni, akiwa na povu la sabuni kidevuni. Alipozinduka hospitalini mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na katika maneno yote aliyohubiri maisha yake yote alikuwa amebakiwa na moja tu: amina. Ukimuuliza kama ana kiu, amina. Ukimuuliza kama amelowa, amina. Daktari alisema hutokea, neno ambalo mtu amelizoea sana ndilo hubaki mdomoni. Nikamjibu kwamba basi nishukuru sikuolewa na dereva wa lori, maana ningebakiziwa matusi.

Siku hiyo nilicheka. Sikujua neno lenyewe litatufanya nini.

Mume wangu ni mchungaji. Kila Jumamosi aliwafundisha vijana sebuleni kwetu, ili akistaafu kundi lisibaki yatima. Walianza wengi, wakapukutika, wakabaki wawili. Mmoja tulimwita Kasuku, kwa sababu alimwiga mchungaji mpaka kile kikohozi chake cha kabla ya sala. Wa pili ni Mbishi, ambaye hakuna somo lililopita bila yeye kulipinga. Jumatano jioni, nikichambua mchele jikoni, mume wangu alikuja akaegemea mlango.

"Nimeamua," akasema. "Jumapili nitawaambia wazee ni Mbishi. Yule anabisha kwa sababu anasikiliza."

Kesho yake ndiyo hiyo Alhamisi.

Kasuku si mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini kwenye msiba wa mtoto wa jirani yetu, muuza mkaa, mama wa marehemu alizimia katikati ya mahubiri, na Kasuku akaendelea mpaka mwisho, sauti ikipanda na kushuka palepale alipopanga. Mbishi ndiye aliyeinuka, akaenda kukaa vumbini, akamshikia yule mama kichwa bila kusema lolote. Kundi zima lingeachiwa mmoja wa hawa wawili, na jibu lilikuwa limefungiwa ndani ya mume wangu.

Tuliporudi nyumbani, wazee wa kanisa walikuja wakiongozwa na Mwenyekiti, muuza saruji, mtu mwema mwenye haraka. Akainama kitandani.

"Mchungaji, sisi tumemwona Kasuku ndiye anayefaa. Wewe unasemaje?"

"Amina," akasema mume wangu.

Wazee wakashusha pumzi. Mimi nikaweka trei ya chai chini.

"Muulizeni na kuhusu Mbishi," nikasema.

Mwenyekiti hakupenda, ila aliuliza. Mume wangu akajibu amina, machozi yakimtoka.

"Mnaona? Hana neno lingine. Jumatano aliniambia kwa kinywa chake kwamba ni Mbishi."

Wakatazamana. Mbishi ni mtoto wa mdogo wangu wa tumbo moja, na hakuna mle chumbani asiyelijua hilo.

"Mama mchungaji, tunakuheshimu sana," Mwenyekiti akasema taratibu. "Ila mwamba ngoma huvutia kwake. Jibu lake la kwanza tumelisikia sote."

Ningekuwa mimi ndiye mzee wa kanisa, nisingeyaamini maneno yangu pia. Nikampigia simu Mbishi aje ajisemee. Alikuja, akamkuta baba yake mkubwa amelowa, akaanza kumbadilisha shuka kabla hata ya kuketi.

"Nenda kawaambie," nikamwambia.

"Nikawaambie nini, mama mkubwa? Kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa, na shahidi wangu ni mama yangu?"

"Na kundi je?"

"Sijui, mama mkubwa. Kweli sijui."

Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumwandalia chakula. Lakini alikuwa amesema kweli, maji yalikuwa yamezidi unga. Akakunja shuka chafu, akaenda kuifua uani.

Siku ya kumsimika Kasuku walileta ibada nyumbani kwetu, ili mchungaji mwenyewe amwekee mkono. Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Kasuku akapiga magoti mbele ya kiti cha mume wangu, akakohoa kile kikohozi, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akauinua mkono wa kulia, ule uliokufa, akauweka juu ya utosi wa Kasuku. Ukateleza. Akauweka tena, ukateleza tena, na mtoto mmoja akacheka.

"Mama mchungaji, tusaidie kuushika," Mwenyekiti akasema.

Mume wangu alikuwa akinitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania gauni langu, ukinivuta nyuma, naye akisema amina, amina, amina, kwa sauti ya mtu anayezama, na sebule nzima ikawa inamwitikia kwa furaha. Wengine walilia, wakisema Roho ameshuka. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mkono ule ulikuwa unaning'inia mbele za watu, mkono niliouogesha asubuhi ile kidole kwa kidole, na sikuweza kuuacha uanguke mara ya tatu. Niliushika kiwiko na kiganja, nikaukandamiza juu ya kichwa cha Kasuku mpaka sala ikaisha.