Bunduki Iliyochaguliwa kwa Mlio

Kwa maneno ya jirani yetu Mzee Abdulghani, yeye mwenyewe alimwona karani mmoja wa Kihindi kule Bukoba akimpiga panya kwa bunduki ya upepo bila kuinuka kitini. Panya alikuwa mwisho wa ghala la ngozi, juu ya boriti, na karani alikuwa ameshika kikombe cha chai mkono wa kushoto. Panya akaanguka, chai haikumwagika. Aliposimulia mara ya pili, panya walikuwa watatu kwa risasi moja. Mama akamuuliza kama na vikombe vya chai navyo vilikuwa vitatu. Mzee Abdulghani akasema wanawake wa nyumba hii wana ndimi kali, ndiyo maana ndege wamewazoea.

Maneno hayo yalituuma kwa sababu ndege walikuwa wametuzoea kweli. Shamba letu la ulezi lilikuwa Kihanga, na ule mwaka wa 1911 tulikuwa tumepanda mbegu yote tuliyobakiwa nayo. Mwaka wa nyuma chiriku walikula mpaka tukavuna vikapu viwili tu. Kimoja tukakifanya uji, cha pili mama akakining'iniza juu ya moshi wa jiko, akasema atakayekigusa atamtambua. Ni mbegu aliyopewa na mama yake, ulezi mweusi, mfupi, usiooza kwa mvua. Huko kwetu hakuna aliyebaki nayo isipokuwa sisi. Ikiliwa hii, basi imekwisha.

Kwa hiyo kila siku nilikaa juu ya dungu kuamia ndege, tangu alfajiri mpaka magharibi, na teo langu na rundo la mawe. Ukirusha jiwe upande huu, wanatua upande ule. Mkono wangu wa kulia ulivimba begani. Masuke yalianza kujaa, na nilihesabu kwamba zimebaki wiki tatu.

Ndipo Ami Gharib, ndugu wa marehemu baba, aliposema amekata shauri. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Ramadhani, alikuwa amefika Kayanga na mizigo kutoka Bukoba, na kati ya mizigo hiyo mlikuwa na bunduki mbili za upepo. Hizi, alisema Ramadhani, hazili baruti wala hazitaki cheti cha boma. Nilimwomba ami nifuatane naye, kwani mimi ndiye ambaye ningekaa nayo shambani. Alinung'unika, lakini mama akasema niende nibebe chakula, na hivyo nikaenda kama mbeba chakula.

Bunduki ya kwanza ilikuwa fupi, yenye sura mbaya. Kitako chake kilikuwa kimepasuka na kufungwa waya wa shaba, rangi imetoka. Ilikuwa ya Mzungu fulani aliyerudi kwao. Bei yake rupia nane. Ya pili ilikuwa ndefu, kitako kinang'aa, ubavuni ina bati la shaba lililochorwa swala anakimbia. Bei yake rupia kumi na nne. Zote mbili unazikunja katikati kama unavunja muwa, unatia risasi ndogo iliyobanwa kiuno, unazikunjua, basi. Ndani mna kamani, chuma kilichojizungusha, inayosukuma kizibo cha ngozi, na kizibo kinasukuma upepo.

Nilichora kidoa cha mkaa kwenye mgomba, nikarudi hatua ishirini nikaweka jiwe pa kusimama mpigaji. Ramadhani akacheka, akamwambia ami, "Shehe, umekuja na fundi wako." Lakini alikuwa mtu wa bashasha, akakubali. Akapiga ile fupi mara tatu. Ililia *pusu*, kama mtoto anayekohoa usingizini. Wanaume waliokusanyika barazani wakaangua kicheko. Mmoja akasema hiyo ni ya kuulia nzi, na nzi mwenyewe awe mgonjwa.

Hakuna aliyekwenda kutazama mgomba. Nilikwenda mimi. Matundu matatu yalikuwa yanatoa utomvu, yote ningeweza kuyafunika kwa kidole gumba.

Kisha akachukua ile ndefu. Kabla ya kupiga alitoa kibuyu kidogo cha samli, akadondoshea ndani, nyuma ya mtutu. Alieleza kwamba kizibo ni ngozi, na ngozi, kila mtu wa Karagwe anajua, bila samli hukauka na kupasuka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Sisi huku tunapaka samli viatu, mikanda, ngozi za kulalia, hata ngoma. Hakuna aliyeona ajabu. Akafyatua.

Ilipasuka kama gobori. Moshi ukatoka mdomoni mwa mtutu, mbuzi wakakata kamba. Ami alisimama wima kama aliyesikia adhana. Ramadhani akapiga ya pili, moshi tena, na ya tatu. Nilikwenda mgombani nikakuta tundu moja, nalo liko juu ya kidoa kiasi cha shibiri. Risasi mbili sikuziona kabisa. Nilitafuta hata kwenye mgomba wa nyuma.

Nilirudi nikamweleza ami taratibu, kwa sauti ya chini, nisimwaibishe mbele za watu. Nilisema ile fupi inapiga panapolengwa, na moshi wa hii ni samli inayoungua, kwani nilisikia harufu yake, harufu ya jikoni. Kitu kinachoungua ndani hakiwezi kusukuma sawasawa kila mara. Nikamwambia pia kwamba fupi ni rahisi kwa rupia sita.

Ami akanijibu mbele ya wote, bila kupunguza sauti. "Mwaja, mwanangu, bunduki huchaguliwa kwa mlio. Baba yangu alinunua gobori tatu maishani mwake, zote alizisikiliza kwanza. Ndege gani atamwogopa mtu anayekohoa?"

Wakacheka. Nilikunja kitambaa cha chakula. Akanunua ile ndefu, na njia nzima mpaka Kihanga aliibeba begani, akisalimiana na kila mpita njia mara mbili zaidi ya kawaida.

Siku ya kwanza shambani, nitasema ukweli, ndege walikimbia. Ami mwenyewe alipiga, na Mzee Abdulghani alikuja kushuhudia, akasema hata ile ya karani haikulia hivi. Siku ya pili walikimbia mpaka kwenye mpaka wa shamba tu. Siku ya tatu waliruka, wakazunguka, wakatua palepale, na mimi ndiye niliyeachwa na bunduki. Nililenga chiriku aliyekaa juu ya suke, karibu sana, nikimwona mpaka jicho. Nilipiga mara saba. Suke lilivunjika mara moja, chiriku hakuguswa hata mara moja. Nilijaribu kuinamisha, kuinua, kulenga kushoto. Ukijua kosa lake liko wapi, utalisahihisha. Hii kosa lake lilihama kila ulipofyatua.

Nikaacha kutia samli. Nikafuta ndani kwa kitambaa na kijiti, nikapiga. Haikulia tena, wala haikusukuma. Risasi ilitoka ikaanguka hatua kumi mbele yangu. Nilipotazama ndani kwa jua, nikaona kizibo kimekuwa cheusi, kimeliwa ukingoni, kama ngozi iliyodondokea jikoni.

Jioni ile nilipita mstari kwa mstari. Upande wa chini, masuke yalikuwa yamebaki mabua na vidole vitupu. Robo ya shamba, labda zaidi. Wiki mbili bado.

Nilimweleza mama yote. Alikwenda akamfungua mbuzi wake jike, akamfunga mlangoni, akaniambia nimpe Ramadhani pamoja na ile bunduki ndefu, atupe ile fupi. Ramadhani alikuwa bado hajauza ile fupi. Habari zilisema amehamia Isingiro, atakaa siku tatu kisha aende zake Mpororo. Lakini bunduki ni ya ami, na mwenye kuirudisha ni ami, au mwenye ruhusa yake.

Nilimkuta ami barazani kwake na wanaume wanne. Alikuwa akiwahadithia juu ya siku ya kwanza. Bunduki, ambayo kila magharibi nilimrudishia, ilikuwa mapajani, na yeye anasugua yule swala wa shaba kwa ncha ya kanzu. Niliwaamkia wote shikamoo, nikapiga goti pembeni yake nikamweleza kwa sauti ya chini: kizibo kimeungua, robo imeliwa, mbuzi yuko tayari.

"Ami," nilisema, "nipe ruhusa niende Isingiro kesho alfajiri nikaibadilishe. Nitasema nimeiharibu mimi. Hakuna atakayejua zaidi ya hapo."

Ami akaendelea kusugua, pua ya swala, pembe, mguu wa nyuma. Kisha akageuka kwa aliyekaa kulia kwake, akamwuliza kama ng'ombe wake amekwisha kuzaa.

Nilibaki nimepiga goti palepale, nikingoja.