Mvua ya Tarehe Tisa Machi

Nyumba tunayoishi karibu na Kapsoit ni ya kiwanda cha chai, na barua ya kuipewa ina jina langu, Dorine, karani wa chumba cha kuonjea chai. Mume wangu, Seth, anaishi humo kwa sababu ya ndoa. Kwa hiyo watu wa televisheni walipotaka kurekodi humo drama aliyoiandika Seth, sahihi iliyohitajika ilikuwa yangu.

“Ni watu wa kubuni tu, Mama Celine,” aliniambia. Nikatia sahihi bila kusoma. Kazini sipitishi hata kikombe kimoja bila kukionja.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Mama Apiyo, mama mkwe wangu, alikuwa amefika kutoka Nyakach akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Aliweka kiti cha plastiki kwenye mlango wa chumba cha kulala akakaa.

Mwigizaji wa kike alilala kwenye kitanda changu akampa mgongo mwigizaji mwenzake.

“Mvua imenyesha,” mwanamume akasema. “Kesho tufungue kupanda. Ndugu zangu wanatungoja.”

“Nimeuchoka mwili wako. Kama una haja, tafuta kwingine.”

Mama Apiyo akasonya, akaninyooshea kidole. “Si nilisema? Si nilisema ni huyu?”

Kwao Nyakach, ndugu mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya kaka mkubwa. Naye kaka mkubwa hapandi mpaka alale na mkewe, na asiwe ametoka kwa mwanamke mwingine, la sivyo laana itaingia bomani. Seth ndiye mkubwa. Miaka miwili iliyopita mvua ilianza tarehe tisa Machi. Seth akasema haijatosha. Ikanyesha wiki nzima. Akasema kazi ni nyingi. Usiku nilimgusa, akasogea ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa na haja. Mgongo ulikuwa wake.

Mwisho wa mwezi aliniambia: kulikuwa na mwanamke huko Sotik, na alikuwa akiogopa laana. Nilimpa masharti matatu. Tupimwe wote wawili. Namba ya yule mwanamke ifutwe nikiona. Na jambo hili lisitoke nje ya mlango wetu. Alikubali yote. Tarehe mbili Aprili tulienda Nyakach, nikalala naye, kwa kuwa mashamba ya wake wanne wa ndugu zake yalikuwa yakitungoja. Nilimtaka pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jua la Juni liliyakuta mahindi hayajafika kiunoni. Wake wa ndugu zake wakanipa jina: Mlango Umefungwa. Nililibeba miaka miwili, kwa sababu sharti la tatu lilinifunga na mimi.

“Simamisheni,” nikasema.

Kipruto, mwongozaji wao, aliinua mkono. “Madam, tafadhali, tuko katikati.”

“Mko katikati ya kitanda changu. Haya maneno hayakusemwa na mwanamke.”

“Dorine, ni hadithi,” Seth akasema.

“Hadithi inayonijua mpaka kitandani?”

Kipruto alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na haraka. Taa zilikuwa za kukodi. “Tunaweza kupatana. Wageuziane migongo wote wawili. Kosa liwe nusu kwa nusu.”

“Sawa,” Seth akasema upesi. “Hiyo ni nzuri. Hata katika ndoa watu hupatana.”

“Tulishapatana,” nikamwambia. “Seth, siku zile migongo ilikuwa mingapi?”

Akaanza kupanga karatasi zake.

Mama Apiyo ndiye aliyesema, bila kuinuka. “Seth. Mvua ilianza Machi tisa. Ulikuja kwangu Aprili mbili. Ulikuwa unangoja nini?”

“Mama, si mbele ya watu.”

“Huyu umemweka mbele ya watu gani? Kenya nzima itamwona. Jibu.”

“Nilikuwa na mtu. Sotik. Dorine hakunikataa.”

Yule mwigizaji wa kike akashuka kitandani polepole, akavaa viatu vyake. Nilipoanza kuondoa shuka, alishika pembe mbili upande wa pili, tukaikunja.

“Madam,” Kipruto akasema kwa sauti ndogo, “tuandike hivyo? Kama ilivyokuwa?”

Seth alinitazama. Niliujua uso huo. Ndio aliokuja nao ule mwisho wa Machi, uso wa mtu anayesubiri kupewa masharti mapya.

“Andika,” nikamwambia Kipruto, “ila mrekodi kwenye nyumba nyingine. Nawe, Seth, chukua nguo zako. Nilikupa masharti matatu. Sina la nne.”

“Mama, mwambie,” Seth akasema.

Mama Apiyo alisimama. Hakuniomba msamaha, wala hakumtazama mwanawe. Alikiondoa kiti chake mlangoni ili Seth apate pa kupita.