Goti la Mdakaji

Sisi waamuzi wa softiboli tuna sheria moja isiyoandikwa popote, na kila mtu anaifuata: husemi neno juu ya besi ya mwenzako, kile kituo anachokisimamia yeye, mpaka mwenyewe akuulize. Mimi nasimama katikati ya uwanja. Mume wangu anasimama nyuma ya mdakaji, kwenye besi ya nyumbani, pale mkimbiaji anapofika kupata pointi, na besi ile ni yake. Akikosea, amekosea. Mimi nakunja mikono nyuma na kuangalia nyasi.

Kama hunijui, mimi si mtu wa kukunja mikono. Nina mdomo, wifi zangu watakwambia. Lakini Jumatatu ya wiki ninayoisimulia nilitoka bafuni nikakuta sanduku la binti yetu liko garini.

"Anakwenda kukaa kwa shangazi yake," mume wangu akasema. "Kule shule ni nzuri. Nimeshaongea nao."

Kashaongea nao! Na mimi niliyembeba tumboni je? Siku nyingine ningemwashia moto. Siku ile nilimfunga mtoto kamba za viatu, nikampungia mkono. Tangu hapo nikafa ganzi. Nikinywa chai, nashtukia tu kikombe kimeisha, na sijui kama nilitia sukari.

Jumamosi tukaenda kuchezesha mechi kama kawaida. Timu ya wageni ilikuwa na msichana mmoja tunamwita Kiberiti, kwa wembamba na kwa kuwaka. Wiki iliyofuata walikuwa wanachagua timu ya taifa ya vijana, na mwakani yeye umri ungekuwa umempita. Kanuni ilikuwa inajulikana: ukitolewa uwanjani kwa utovu wa nidhamu, jina lako linakatwa. Asubuhi alinipa shikamoo mara mbili kwa wasiwasi. Nikaitikia zote.

Mchezo ukafika mwisho timu zikiwa sare. Kiberiti akachomoka besi ya tatu kuja nyumbani, na mpira ukarushwa kutoka mbali kumuwahi. Mdakaji akapiga goti katikati ya njia. Sasa, mkimbiaji haruhusiwi kumparamia mdakaji mwenye mpira, lakini mdakaji asiye na mpira naye haruhusiwi kuziba njia. Swali ni moja tu, mpira ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa pembeni na niliuona. Ulikuwa bado hewani. Kiberiti akajaribu kukwepa, akakwaa lile goti, wakaangukiana kama magunia. Ndipo mpira ukafika, mdakaji akauokota chini na kumgusa nao, maana mkimbiaji akiguswa na mpira kabla ya kufika besi ametoka.

Mume wangu alikuwa nyuma ya mgongo wa mdakaji. Aliona vumbi.

"Auti!" akanguruma. "Na wewe, nje! Umemparamia mwenzio makusudi!"

Kiberiti akabaki amepiga magoti, mdomo wazi. Kocha wake akaja mbio.

"Mzee, tafadhali, muulize mwenzako. Yeye alikuwa pembeni. Muulize tu."

Jukwaa likadakia, "Muulize! Muulize!" Mmoja akapaza sauti, "Usipomuuliza leo utalala sebuleni, bwana!" Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akavua kinyago chake cha chuma, akaanza kuja kwangu polepole.

Miaka yote tuliyochezesha pamoja hajawahi kuja. Nilijua hapa mtu anatakiwa afurahi, na mimi sikusikia kitu. Lakini jibu lilikuwa tayari ulimini: mdakaji hakuwa na mpira. Ningelisema. Angeuliza tu, ningelisema.

Akasimama karibu, akaupa uwanja mgongo, akaziba mdomo kwa mkono kama tufanyavyo ili watu wasisome midomo.

"Itikia kwa kichwa tu," akasema. "Wakuone. Tumalize kazi twende zetu."

Nilimtazama. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Niliitafuta hasira yangu, ile wanayoijua wifi zangu, nikaikosa. Nyuma ya bega lake Kiberiti alikuwa bado chini, ananitazama mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akarudi kwenye besi yake akanyoosha mkono. "Uamuzi ni uleule. Mchezaji atoke." Kocha akatupa kofia chini, jukwaa likazomea, na mdakaji akajifanya anafunga kamba za viatu.

Aliyetolewa anatakiwa apite nje ya mstari. Kiberiti hakupita huko. Alikatiza uwanja moja kwa moja hadi nilipo, na mimi nikajiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane, kusema kweli. Labda ningesikia kitu.

Alikuwa analia bila sauti. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mama," akasema. "Nimekuona ulivyoitikia. Alikuuliza kama njia ilizibwa, ukamwambia ndiyo. Basi tu, yeye hakutaka kukusikiliza."

Mikono yake ilikuwa ya moto. Mume wangu alikuwa anatungoja, kinyago mkononi.

"Haya, mwanangu," nikamwambia. "Nenda kanawe uso."