Alipoulizwa Mama Yake Nani

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: wifi yangu nilikuwa namwonea wivu mpaka roho inaniuma. Mimi nashona sare za shule sokoni tangu asubuhi. Yeye, dada wa mume wangu, hana mtoto, kwa hiyo anabaki nyumbani na binti yangu wa miaka mitano, tunayemwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Nikirudi ni "shangazi kasema, shangazi kafanya." Ati mchumia juani hulia kivulini! Mimi nachuma juani, kivulini anakula wifi.

Juma lile Kasuku akashikwa na mafua makali, homa na kikohozi. Siku ya tatu, mchana, wifi akanipigia simu.

"Wifi, njoo. Mtoto haongei sawasawa. Anauogopa hata mto wake."

"Homa hiyo. Mpe dawa."

"Nimempa. Tumpeleke hospitali."

Tumpeleke! Yaani hata hospitali aonekane yeye ndiye mwenye uchungu naye. Nikamwambia asithubutu kumtoa mwanangu nyumbani, nakuja mwenyewe. Halafu nikamalizia sketi nne zilizobaki. Kusudi, asije akadhani akiita tu mimi nakimbia.

Saa kumi nikaingia. Kasuku alikuwa amekaa kitandani, macho hayatulii. Nikamkumbatia, akanisukuma.

"Wewe nani?" akaniuliza.

"Mama yako ni nani, Kasuku?" nikamuuliza, nikicheka kwa kulazimisha.

Akamnyooshea wifi kidole.

Loo! Damu ikanichemka. "Umemfundisha, sivyo? Mwanamke huna haya wewe!"

 Macho ya wifi yalikuwa kwa mtoto. "Mkono wake," akasema. Mkono ulikuwa unatikisika. Mara mwili wote ukakakamaa, macho yakageuka juu. Degedege.

Hospitali walimchoma sindano, akatulia. Daktari akatueleza kwamba mafua, mara chache, huwaathiri watoto mpaka kwenye ubongo: degedege, kuweweseka, hata kutomtambua mzazi. Akashika kalamu.

"Alianza kuchanganyikiwa saa ngapi?"

 Wifi angeweza kunimaliza palepale.

"Saa sita na robo, daktari," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naye."

Hakutaja kwamba alinipigia simu nami nikamkataza. Hata wema wake huo niliuonea wivu.

Siku mbili Kasuku hakusema kitu. Kasuku, jamani! Nikamwomba Mungu: aseme lolote, amwite yeyote amtakaye, mimi sitanuna.

Asubuhi ya siku ya tatu akafumbua macho. Akanitazama weee, nikaogopa hata kupumua.

"Mama," akasema.

Nikaanza kulia.

"Mama, mwite shangazi."

Wivu ukanichoma, usidhani ulikuwa umekufa. Lakini nilishafika mlangoni, peku, napiga kelele ukumbi mzima: "Wifi! Wifi, njoo, anakutaka wewe!"