Hodi Kwenye Mwamba

Sostenes alikuwa kijana wa Masumbwe aliyesomea miamba, akapelekwa Japani kwa mafunzo. Jumapili moja mwanafunzi mwenzake, Haruka, alimwalika wavuke kwa feri hadi kisiwani, wapande mlima ambao watu wa huko wanauheshimu kama nyumba ya ibada, kisha warudi jioni.

Walipanda katikati ya miti mikubwa huku ukungu ukishuka. Njiani Haruka aliuinamia mti uliofungwa kamba nene, alama ya kitu kitakatifu. Sostenes naye akainama, kisha akabaki akijiuliza amemwinamia nani.

Karibu na kilele aliona mwamba wenye mshipa mweupe, wa aina ambayo kwao ingewafanya wachimbaji wa dhahabu wasilale. Bila kufikiri, akaokota jiwe, akaugonga huku ametega sikio.

“Sostenes!” Haruka alishtuka.

Mwamba ule nao ulikuwa umezungushiwa kamba. Ukungu ulikuwa umeificha. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia majani akaja haraka. Sostenes akadondosha jiwe.

“Shikamoo bibi, nisamehe,” Kiswahili kikamtoka, akainama.

Bibi akainama zaidi. Sostenes akainama tena, bibi naye tena, mpaka haikujulikana nani anamwomba radhi mwenzake. Kisha bibi akasema jambo.

“Anauliza umeomba nini,” Haruka akatafsiri, naye haelewi.

“Nimeomba?”

“Anasema umebisha hodi. Anadhani kwenu mnasali hivyo.”

Nusura Sostenes aseme kwamba alikuwa akitafuta dhahabu. Lakini bibi alikuwa anasubiri, ufagio mkononi.

“Mama yangu,” akasema mwishowe. “Yuko nyumbani, Masumbwe. Miguu inamsumbua.”

Hilo lilikuwa kweli, ila hakuwa ameliomba. Au ndiyo kwanza ameliomba? Haruka alipotafsiri, bibi akaugeukia mwamba, akapiga makofi kama wasalivyo huko, akamwombea kwa muda mrefu mtu asiyemjua.

Ndani ya feri Sostenes alimpigia mama yake simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kuna nini?”

Akamsimulia yote. Mama Sostenes, ambaye tangu aokoke hakutaka hata neno tambiko litajwe nyumbani kwake, akasikiliza mpaka mwisho.

“Sasa mwanangu, niseme amina au nikukemee?”

“Sijui, mama.”

“Hata mimi sijui.” Akavuta pumzi. “Basi mwambie huyo bibi ahsante.”

Sostenes akatazama nyuma. Kisiwa kilikuwa kimeshamezwa na ukungu.