Magunia Chini ya Miguu

Lori la marehemu Guleid lilikuwa halijatoka uani tangu serikali itangaze kwamba hakuna gari la raia litakaloondoka Garissa bila kibali na bila msafara wa askari. Mbuzi walikuwa wameshazoea kulala chini yake. Amino, mjane wa Guleid, alipopewa kibali hatimaye, baada ya kuzungushwa maofisini hadi akavijua vikohozi vya makarani wote, hakumshukuru mtu. Amshukuru nani, na kwa lipi? Alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mtoto huyo alikuwa Batula, kifungua mimba wake, aliyeolewa Griftu, kule mbele ya Wajir. Sasa Batula naye alikuwa mja mzito, na kwao mimba ya kwanza haiachiwi wakunga wa ugenini. Mama mzazi huja mwenyewe, akampokea mjukuu kwa mikono yake, kisha akakaa na binti yake arobaini nzima akimpikia na kumkanda. Lakini Griftu ya mwaka ule wa 1966 haikuwa tena ile aliyomwozesha binti yake. Watu walikuwa wametolewa malishoni na kutiwa ndani ya seng'enge, eti walindwe, na ngamia wao wakachukuliwa au wakapigwa risasi, eti walikuwa wakiwabebea maji shifta, wale waasi wa porini. Habari aliyoletewa Amino ilikuwa fupi: Batula hana hata maziwa ya kunywa, na tumbo limeshuka. Msafara ulikuwa unaondoka Jumamosi, na hakuna aliyejua mwingine ungeondoka lini.

Kwa hiyo lori lilipaswa kuwa tayari Jumamosi, litake lisitake.

Hared, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa dereva. Alianza na springi. Bapa moja la springi ya nyuma lilikuwa limekatika tangu safari ya mwisho ya Guleid, na vipuri vilikuwa Nairobi, ambako nako kulihitaji kibali kingine. Hared akatafuta ngozi mbichi ya ngamia, akaikata kanda ndefu, akailoweka, kisha akalifunga bapa lile mzunguko juu ya mzunguko, mguu mmoja ameukaza kwenye ekseli na mishipa ya shingo imemtoka. Jua la Garissa likamalizia kazi. Ngozi ilipokauka ilikaza hata nyundo ikadunda juu yake. Tangi la petroli lilikuwa likivuja, akaliziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Rejeta akaivisha kitambaa cha chandarua kuzuia mbegu za nyasi, na mbele yake akatundika mfuko wa turubai uliojaa maji, ili upepo wa njiani uyapoze. Amino hakukaa kivulini akitazama. Alishika taa alipoambiwa ashike, akapitisha spana, akasugua plagi kwa kitambaa mpaka zikang'aa.

"Habaryar," Hared alisema akifuta mikono. Ndivyo alivyomwita, mama mdogo, naye Amino alimwita habaryar vilevile, kwani kwao jina la heshima humrudia mdogo kama alivyolitoa. "Lori liko tayari kwa barabara. Sasa tulitayarishe kwa vita."

Hakuhitaji kufafanua. Mahat, dereva aliyekuwa akipeleka sukari Wajir, alikuwa amekanyaga bomu lililofukiwa njiani na kurudishwa Garissa ndani ya turubai. Mkewe hakuruhusiwa kulifungua. Tangu siku ile madereva wote walikuwa wakitandika magunia ya mchanga kwenye sakafu, chini ya miguu, kwa sababu bomu likilipuka chini ya gurudumu, mchanga ndio unaolimeza kwanza kabla halijamla mtu.

Amino akateremka mwenyewe hadi kwenye mchanga wa mto Tana na jembe na debe. Akachota, akabeba, akarudi, mgongo ukimlalamikia. Kisha akaketi uani na shazia na uzi wa katani, akashona midomo ya magunia, na kila alipopitisha sindano hasira ilimpanda upya. Wakati huu mama wenzake wangekuwa wanatwanga viungo vya kumkandia mzazi. Yeye alikuwa anashona mchanga! Hakuwa amepigana na mtu. Hakuwa ameficha bunduki wala kumficha mwenye bunduki. Wenye vita walikuwa pande mbili, na yeye alikuwa katikati, ameshika shazia.

Mwisho akapakia chakula cha arobaini: gunia la mchele, mifuko ya unga wa ngano, tende, samli, na nyama ya ngamia iliyokaushwa ikatiwa ndani ya samli. Mifuko ya unga ilikuwa ya kitambaa cheupe laini, na alikuwa ameshaamua kwamba unga ukiisha itakatwa nepi za mtoto. Mchele kidogo ulimwagika karibu na gurudumu. Amino aliinama akaokota punje baada ya punje, akapuliza vumbi, akasema bismillahi, akazirudisha. Alikuwa hivyo tangu zamani. Batula alipokuwa mdogo aliwahi kukanyaga mchele uliomwagika jamvini, na Amino, ambaye hakuwa mtu wa kupiga watoto, alimzaba kofi la mguu lililoacha alama. Chakula hakikanyagwi. Hata Batula alipoolewa, bado alikuwa akiruka jamvi kwa woga, na wifi zake wakamcheka.

Asubuhi ya Jumamosi magari yalipangwa kwenye kizuizi nje ya mji: malori ya raia, malori ya askari, na Landrova ya luteni aliyeuongoza msafara. Luteni alikuwa kijana wa bara, amenyoa ndevu vizuri, viatu vinang'aa hata pale penye vumbi. Alisoma kibali cha Amino mbele na nyuma. Akahesabiwa chakula, akaridhika. Kisha akafungua mlango wa dereva.

"Hii ni nini?"

"Mchanga, afande," Hared akajibu.

"Wa nini?"

"Wa bomu, afande."

Luteni akafunga kibali polepole. "Nani amekuambia kuna bomu njiani?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu hana jina. Nipe jina." Akamtazama Hared. "Huna? Basi nikuambie mimi. Anayejua bomu liko ni yule aliyelitega, au ndugu yake."

Amino alisikia masikio yakimvuma. Mahat alizikwa mchana kweupe, mji mzima umesimama makaburini na askari wakiwa wamesimama pembeni, na leo mtu anataka jina la aliyesema kwamba kuna bomu! Akashuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo hakikumwangusha.

"Afande, ile gari yako." Alinyoosha mkono kwenye Landrova, ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Magunia ya mchanga yalikuwa yamepangwa humo, yameshonwa vizuri, chini ya kiti cha luteni na chini ya miguu yake, na jingine kwenye boneti. "Ile mchanga ndani yake. Wewe nani alikuambia?"

Askari mmoja akakohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

"Ile ni gari ya serikali," luteni akasema.

"Bomu najua kusoma? Naona namba ya serikali, nabita bole bole?"

Safari hii kicheko kilimtoka mtu waziwazi, na hapo Amino akajua amekosea. Si kwamba maneno yake yalikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumchekesha mtu mbele ya askari wake. Uso wa luteni ukawa mweusi.

"Mwaga mchanga wote," akasema. "Na lori hili ndilo litakalotangulia. Njia ikiwa salama kwa jamaa zenu, itakuwa salama kwenu. Hamtaki, kibali kimekufa na dereva anaenda selo."

Basi wakaumwaga. Amino alitazama mishono yake ikikatwa kwa kisu cha askari, mshono mmoja baada ya mwingine, na mchanga wa Tana ukirundikana barabarani bila kazi. Ukisema bomu lipo, wewe shifta. Ukinyamaza, nenda ukalitafute kwa miguu yako, wenye bunduki wafuate nyuma. Hiyo ndiyo serikali iliyomtaka aipende! Alitamani kupiga kelele hadi Griftu isikie.

"Habaryar," Amino akamnong'oneza Hared, "turudi nyumbani. Una mke na watoto. Sina haki ya kukuomba hili."

Hared alikuwa akitazama sakafu tupu ya lori, bati tupu, na chini yake barabara. "Batula nimembeba mgongoni," akasema. "Twende tu."

Amino akabaki amesimama. Akimrudisha Hared, Batula atazaa peke yake ndani ya seng'enge, na njaa. Akimpeleka hivi, huenda akamrudishia mkewe turubai lisilofunguliwa. Akageuka nyuma ya lori, akaitazama shehena yake, na kile alichokifikiria kilimchukiza hata kabla hajamaliza kukifikiria.

Akarudi kwa luteni. "Karatasi yako nasema chakula ruhusa?"

"Ruhusa."

"Nasema chakula nakaa wapi ndani ya gari?"

Luteni akakitazama kibali tena, kana kwamba kingeweza kumsaidia. Magari ya nyuma yalikuwa yameanza kupiga honi. "Weka unapotaka, mama. Tunachelewa."

Akapanda nyuma, akafungua kamba. Hared alipoona anachofanya alitaka kumzuia, kisha akaelewa, akapokea. Gunia la mchele wakalilaza chini ya miguu ya dereva, kwa upana. Juu yake, mfuko wa unga. Upande wa abiria, unga na tende. Hared akauliza, sauti yake ya chini kabisa, kama avue makubazi yake ya tairi.

"Usivue," Amino akasema. "Pedali zitakuunguza. Endesha."

Yeye alivua viatu vyake. Akapanda, akaweka nyayo tupu juu ya unga wa mwanawe, akahisi unavyobonyea, na machozi ya hasira yakamtoka hapo hapo mbele ya askari. Hakuyafuta. Wayaone.

Wakatangulia. Barabara ya Modogashe ilikuwa nyekundu na imenyooka, na Hared aliendesha akikwepa kila udongo uliofukuliwa, kila kinyesi kikavu kilichokaa mahali pasipofaa, mikono yake miwili imebana usukani. Springi ya ngozi ilivumilia. Tangi lilivumilia. Amino alisoma aya alizozijua hadi zikaisha, akaanza upya. Mara moja alitoa kichwa nje akatazama nyuma. Landrova ya luteni ilikuwa inawafuata kwa mbali kidogo, na dereva wake alikuwa akiweka magurudumu yake ndani ya alama za magurudumu yao, sawasawa kabisa, bila kutoka hata kidogo. Amino akarudisha kichwa ndani. Kuanzia hapo hadi Wajir hakutazama nyuma tena, kwa kuwa alijua akitazama atamwambia Hared asimamishe lori, na angeshuka na kufanya jambo ambalo lingewatia wote selo.

Bomu halikuwapo. Au lilikuwapo na Mwenyezi Mungu akalipitisha kando; hilo hawakujua.

Walifika Griftu Batula akiwa bado hajajifungua, amekonda hadi macho yamekuwa makubwa. Alimkumbatia mama yake kwenye lango la seng'enge. Siku chache baadaye Amino alimpokea mjukuu wa kike kwa mikono yake, mwenye nguvu na kelele nyingi, naye Hared akamwadhinia mtoto sikioni, kwa kuwa mumewe Batula alikuwa kizuizini Wajir, akihojiwa kuhusu ngamia asiokuwa nao tena.

Kulipopambazuka Amino akakoka moto, na kwa kuwa hadi hapo walikuwa wamekula wali tu, akauvuta mfuko wa kwanza wa unga. Batula alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani, akimtazama. Juu ya kitambaa kile cheupe palikuwa na alama nyeusi ya grisi, unyayo mzima, na michoro ya tairi imechapika humo. Batula akaacha kumtikisa mtoto. Uso wake ukawa ule wa mtoto aliyezabwa kofi zamani jamvini.

"Hooyo," akamwuliza mama yake, "nani amekanyaga chakula?"

"Serikali," Amino akasema. Akapuliza vumbi juu ya mfuko, akasema bismillahi, akaufungua.